Mayai yale hayakuwa yake: kopepodi wanaoishi ndani ya koa wa baharini

Bamvua moja mwaka juzi nilikuwa kusini mwa Unguja, maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba, nimeinama nageuza mawe na kuyarudisha kama yalivyokuwa. Nilikuwa natafuta koa wa baharini kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Bibi mmoja aliyekuwa akiokota kombe alinipita mara mbili, ya tatu akasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyo mdudu wako kazaa?"

"Kazaa vipi, bibi?"

"Si hayo mayai kayabeba mgongoni?"

Nikatazama vizuri. Kweli, karibu na matamvua ya yule koa kulikuwa na vijifuko viwili vyeupe, virefu kidogo, kama punje mbili za mchele zilizovimba. Nikacheka, nikamshukuru, nikaandika kwenye daftari: "amebeba mayai". Tangu siku hiyo nikaongeza safu mpya kwenye jedwali langu, na kila koa niliyemkuta na vijifuko vile nikamhesabu kuwa amekomaa na anazaa.

Nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa. Siku nilipomwonyesha msimamizi wangu michoro ya kwanza, hakuangalia michoro. Aliuliza swali moja tu: "Koa gani wa jamii hii anabeba mayai mgongoni?"

Hakuna. Koa hawa hutaga mayai yao kwenye utepe wa ute na kuubandika juu ya jiwe au mwani, kisha wanaenda zao. Bibi alikuwa sahihi kwamba yale ni mayai. Mimi ndiye niliyekosea kuhusu mama yao. Mayai yalikuwa ya mnyama mwingine kabisa, aliyekuwa anaishi ndani ya koa, na koa niliokuwa nawaandika kuwa wazazi bora ndio waliokuwa wananyang'anywa uzazi. Safu yangu nzima ilikuwa imegeuka juu chini.

Makala hii ni kuhusu huyo mnyama mwingine.

Kwanza tujue nani ni nani

Koa ni konokono asiye na nyumba. Wa nchi kavu tunamjua, yule anayeacha ute bustanini baada ya mvua. Wa baharini ni ndugu zake wa mbali, na wengi wao ni warembo ajabu: wa zambarau, wa manjano, wenye madoa na pindo za rangi. Msimchanganye na jongoo bahari, ambaye ni jamaa wa kiti cha pweza na hana undugu na konokono. Kundi kubwa la koa wa baharini huitwa nudibranki, jina lenye maana ya "matamvua uchi", kwa sababu wengi wao wamebeba matamvua nje ya mwili, mara nyingi kama ua dogo upande wa nyuma wa mgongo. Kundi jingine, sakoglosa, ni wale wanaofyonza utomvu wa mwani. Hao tutawarudia, maana wana kisa chao.

Kopepodi ni wa jamii ya kamba na kaa, ila wengi hawazidi milimita moja au mbili. Jina lake linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kasia" na "mguu", yaani mwenye miguu ya makasia. Ukichota ndoo ya maji ya bahari, karibu hakika umechota kopepodi. Kwa wingi wao, wako miongoni mwa wanyama wanaoongoza duniani, na samaki wengi, hasa wakiwa wachanga, huishi kwa kuwala.

Wapo pia kwenye maji baridi. Yule saiklopi wa kwenye madimbwi, anayebeba vijilava vya mnyoo wa Guinea, ni kopepodi. Ndiyo maana watu wa maeneo yenye ugonjwa huo walifundishwa kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa: kitambaa hakimzuii bakteria, lakini kinamzuia saiklopi. Uganda ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina tena mnyoo huo mwaka 2009, na Kenya mwaka 2018. Kwa hiyo ukisikia neno kopepodi usidhani ni habari za mbali. Umewahi kuwakwepa, au mama yako aliwachuja kabla hujazaliwa.

Sasa shika jambo moja: jike la saiklopi akiwa na mayai huyabeba kwenye vijifuko viwili, kimoja kila upande wa mkia. Vijifuko viwili. Tutavihitaji.

Mgeni aliyehamia moja kwa moja

Si kopepodi wote wanaoogelea huru. Spishi nyingi sana zimehamia kwa wanyama wengine: kwenye samaki, matumbawe, kombe, jongoo bahari, na hata nyangumi. Wafugaji wa samaki wanawajua baadhi yao kwa jina la chawa wa samaki.

Kwa koa wa baharini kuna wapangaji wa aina mbili. Wa kwanza hukaa nje. Mfano ni kopepodi wa jenasi Doridicola, wanaotembea juu ya ngozi na kati ya matamvua. Hawa bado wana sura ya kopepodi: miguu ipo, mwili umegawanyika pingili kwa pingili, na ukiwagusa kwa sindano wanakimbia. Tuwafananishe na chawa kichwani.

Wa pili ndio waliochafua jedwali langu. Ni familia inayoitwa Splanchnotrophidae, na hawa huishi ndani ya mwili. Mwaka 1863, Waingereza wawili, Albany Hancock na Alfred Merle Norman, walichapisha maelezo ya kiumbe walichokikuta ndani ya nudibranki, wakakiita Splanchnotrophus. Jina hilo linaunganisha maneno ya Kigiriki ya matumbo na kula. Miaka minne baadaye, 1867, daktari wa Denmark aliyeitwa Rudolph Bergh, mtu aliyepasua koa wengi sana katika maisha yake, akaeleza jenasi nyingine, Ismaila, na spishi yake ya kwanza akaipa jina monstrosa. Huhitaji kujua Kilatini kuelewa alichofikiria alipomwona.

Na ukimwona utamwelewa Bergh. Jike la Ismaila ni kama kifuko laini chenye mikono mirefu. Hana ganda gumu, na viungo vya kuogelea vimepungua mpaka vimebaki alama tu. Mikono ile si ya kukamatia chakula, ni sehemu za mwili zilizorefuka, na kwa hiyo amewakumbatia matumbo ya koa kama mtu aliyekumbatia mto usingizini. Amelala kwenye uvungu wa mwili uliojaa damu ya koa. Dume ni mdogo mno ukimlinganisha na jike, naye pia anakaa humo humo ndani.

Swali ambalo lazima ulijiulize: kama jike ameshapoteza sura yote, tunajuaje kwamba huyu ni kopepodi na si mnyoo, au uvimbe tu? Kuna ushahidi wa aina tatu. Kwanza, ukimweka chini ya hadubini unakuta mabaki ya viungo vya kinywa na miguu, yamepangwa kama ya kopepodi. Pili, mayai yakianguliwa anatoka mtoto anayeitwa naupli, mwenye jozi tatu za viungo na jicho moja katikati. Umbo hilo la utotoni ni la jamii ya kamba na kaa, mnyoo hana. Mama kasahau ukoo wake, mtoto bado anautaja. Tatu, ni vile vijifuko viwili vya mayai, sawa na vya saiklopi wa dimbwini.

Vijifuko ndivyo vinavyomtoboa koa. Mama akizaa ndani ya uvungu wa mwili, watoto hawatakuwa na pa kwenda. Kwa hiyo jike husukuma ncha ya nyuma ya mwili wake kupitia ngozi ya koa, mara nyingi karibu na matamvua, na vijifuko vinaning'inia nje majini. Naupli wakianguliwa wanaogelea zao. Mwili mzima wa mama umefichika, kinachoonekana ni mayai tu. Ndicho alichokiona bibi, na ndicho nilichokiandika vibaya.

Koa analipa nini?

Hapa ndipo watu wengi hudhani kimelea lazima kiue. Hapana. Fikiria kwa upande wa kopepodi. Koa ndiye nyumba, jiko na ukuta. Akifa leo, mayai ya kesho hayapo. Kwa kimelea kinachotaka kutaga tena na tena, faida ipo kwa mwenyeji anayeendelea kula na kutembea.

Lakini chakula cha koa ni kile kile, na sasa kinalisha midomo miwili. Mahali pa kubana matumizi ni wapi? Moyo hauwezi kusimama. Tumbo likisimama wote wawili wanakufa. Uzazi, kinyume chake, unaweza kusimama na mwenyeji akaendelea kuishi. Na uzazi wa koa una gharama kubwa: kila koa ni huntha, ana sehemu za kiume na za kike, na utepe mmoja wa mayai ni nishati nyingi inayotoka kwa mkupuo. Kopepodi akiipata nishati hiyo, anaibadilisha kuwa mayai yake mwenyewe.

Wanabiolojia huita hali hii uhasi wa kimelea, yaani mwenyeji anahasiwa bila kisu. Si kila kopepodi wa familia hii anafika huko. Kwenye pwani ya Oregon, Marekani, Maya Wolf na Craig Young walichunguza Ismaila belciki anayeishi ndani ya nudibranki Janolus fuscus. Waliangalia uzazi, ukuaji na kuishi kwa mwenyeji, na picha iliyotoka ni ya mwenyeji anayeendelea kutaga lakini kwa upungufu. Huko Chile, Michael Schrödl alionyesha mwaka 2002 kwamba koa wa spishi kadhaa wanabeba Ismaila kwa wingi mkubwa, kiasi kwamba kwenye baadhi ya spishi koa asiye na mgeni ndiye wa kushangaza.

Sasa rudi kwenye jedwali langu. Nilikuwa nimegundua kitu ambacho kilinisumbua: koa "wenye mayai" walikuwa na tezi za uzazi ndogo kuliko wenzao. Nikajieleza kwamba bila shaka wametoka kutaga, tezi zimenywea. Maelezo mazuri, yanaingia akilini, na ni uongo mtupu. Nililazimisha takwimu zikubaliane na safu niliyoitunga mwenyewe ufukweni kwa sekunde tano. Nikisema nilichoka siku ile, nimechagua neno la adabu.

Koa anayejitenga na mwili wake

Je, koa hana la kufanya? Kwa spishi nyingi, jibu linaonekana kuwa hana. Lakini mwaka 2021, Sayaka Mitoh na Yoichi Yusa wa Nara Women's University, Japani, walichapisha jambo ambalo nililisoma mara mbili nikidhani Kiingereza ndicho kimenishinda.

Walikuwa wanafuga sakoglosa wa jenasi Elysia, wale wanaofyonza utomvu wa mwani. Siku moja mmoja wao alikutwa ni kichwa tu, kinatambaa. Mwili, pamoja na moyo, ulikuwa pembeni. Kichwa hakikuwa kinakufa. Kidonda kilifunga ndani ya siku moja hivi. Kwa koa vijana, kichwa kilianza kula mwani ndani ya saa chache. Ndani ya wiki moja moyo mpya ulianza kuota, na ilipofika kama wiki tatu mwili wote ulikuwa umerudi. Kwa koa wazee mambo hayakwenda hivyo. Vichwa vyao havikula, vikafa baada ya siku kama kumi. Ule mwili uliotupwa, kwa upande wake, ulikaa siku nyingi ukijongea na kuitikia ukiguswa, lakini haukuota kichwa.

Mjusi tunamjua: ukimshika mkia anakuachia mkia, anakimbia. Ila mjusi hakuachii moyo. Na kuna tofauti nyingine kubwa zaidi. Mjusi anakatika papo hapo, wakati koa huyu anatumia saa kadhaa kujitenga. Adui wa kukusubiri saa kadhaa hayupo. Watafiti walijaribu pia kuwafanyia kama wanashambuliwa, na hawakujikata. Basi wanamkimbia nani?

Jibu wanalolipendekeza linatuhusu. Kwenye spishi ya pili, Elysia atroviridis, koa 3 kati ya 82 walijikata, na 2 kati yao wakaota mwili mpya. Miili yote iliyotupwa ilikuwa na kopepodi ndani, wa jenasi Arthurius, ambayo ni ya familia ile ile ya Splanchnotrophidae. Kopepodi hao walikuwa wamejaza sehemu kubwa ya mwili na kuuzuia uzazi. Koa waliochunguzwa wasio na kimelea hawakujikata hata mmoja. Na waliozaliwa upya hawakuwa na kimelea.

Ukiweka hesabu mezani, uamuzi si wa kichaa kama unavyoonekana. Mwili wenye Arthurius hauzai. Kwa upande wa mageuko ya viumbe, mwili usiozaa hauna thamani hata ukiishi miaka. Kuutupa ni kutupa kitu kilichokwisha kuibiwa. Gharama halisi ni hatari ya kufa njiani, na kijana ana nafasi nzuri zaidi ya kuvuka kuliko mzee.

Lakini kichwa kisicho na moyo wala tumbo kamili kinaishije wiki zote hizo? Elysia akifyonza mwani hawayeyushi wote. Huzihifadhi kloroplasti, vile vijiwanda vya kijani vinavyofanya usanisinuru, ndani ya seli zake mwenyewe, na zinaendelea kufanya kazi. Watafiti wanafikiri nishati hiyo ya jua inasaidia kukivusha kichwa mpaka tumbo jipya liote. Ni wazo lenye mantiki, na bado linahitaji majaribio zaidi.

Pwani yetu na daftari la zamani

Koa wa pwani yetu wamechunguzwa muda mrefu, na mmoja wa waliowachunguza tunamjua kwa sababu nyingine. Sir Charles Eliot alikuwa kamishna wa Uingereza wa Himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya leo, hadi alipojiuzulu mwaka 1904. Wakenya wanamkumbuka kama mtu aliyewafungulia walowezi wa Kizungu ardhi ya nyanda za juu. Huyo huyo, katika muda wake wa ziada, alikuwa mtaalamu wa nudibranki, akakusanya Zanzibar na Mombasa na kuchapisha mfululizo wa makala kuhusu nudibranki wa Afrika Mashariki. Spishi kadhaa za pwani yetu bado zinabeba jina lake kama mwandishi. Historia ya sayansi hapa kwetu haikuja na mikono misafi, na ni vizuri kulijua hilo tunapoyafungua makala yale.

Nalitaja kwa sababu jenasi zinazojulikana kubeba kopepodi hawa, kama Ceratosoma na Elysia, zinapatikana kwenye bahari yetu. Wapiga mbizi wanazipiga picha kila msimu. Kazi ya kujua nani anaishi ndani yao haihitaji meli ya utafiti. Inahitaji macho, maji yaliyokupwa, na mtu anayejua anachokiona.

Kwa hiyo, ukimkuta koa wa baharini mwenye kitu cheupe, cha waridi au cha manjano karibu na matamvua, jiulize haya:

1. Je, viko viwili viwili? Vijifuko vya kopepodi huja kwa jozi. Ukiona vinne, huenda kuna majike wawili.
2. Je, vinajificha? Kwa koa wengi wenye ua la matamvua, ukiyagusa kwa upole yanarudi ndani yote kwa pamoja. Vijifuko vya mayai havina msuli, vinabaki pale pale.
3. Je, vimechanua? Tamvua lina matawi kama unyoya. Kijifuko ni laini kama soseji ndogo, na kwa kioo cha kukuzia unaona punje za mayai ndani.
4. Je, vinatembea? Kikitembea juu ya ngozi, huyo ni mpangaji wa nje, si wa ndani.

Usivute. Ukivuta unapasua ngozi ya koa, na kopepodi mwenyewe anabaki ndani. Piga picha, andika mahali na tarehe, rudisha jiwe kama lilivyokuwa.

Mimi safu yangu niliifuta, nikarudi kwenye picha zote, koa mmoja baada ya mwingine. Ilichukua wiki sita. Safu mpya inaitwa "vijifuko: idadi", na pembeni yake kuna nyingine, "mayai ya nani". Tezi ndogo za uzazi zilizokuwa zikinisumbua sasa ndizo sura ya pili ya tasnifu yangu.

Bamvua iliyofuata nilimkuta bibi pale pale. Nikamweleza kwamba yale mayai hayakuwa ya mdudu wangu, yalikuwa ya mdudu mwingine aliye tumboni mwake, na huyu mwenye tumbo hazai tena kama zamani. Akasikiliza mpaka mwisho, akanikabidhi ndoo yake nimshikie wakati anavuka kidimbwi.

"Kumbe maskini," akasema. "Na wewe ulikuwa ukimwandika mzazi."